Baruapepe kama Kumbukumbu ya Kazi ya Dalali wa Nyumba na Viwanja: Ufafanuzi wa Matumizi Yake nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna dalali wa nyumba na viwanja nchini Tanzania anavyoweza kutumia baruapepe kwa ufanisi. Hoja yake kuu ni kwamba thamani ya baruapepe katika kazi hiyo haitokani na kasi, kwa kuwa simu na WhatsApp huishinda kwa kasi, bali hutokana na uwezo wake wa kutunza kumbukumbu ya nani alisema nini, lini na kwa msingi gani. Kutokana na hoja hiyo, yanapendekeza kanuni nne za uandishi.

1.0 Utangulizi

Katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, udalali umejengeka juu ya mazungumzo ya ana kwa ana. Dalali humpeleka mteja kuona nyumba, mpangaji na mwenye nyumba hupatana kwa mdomo, na ujira wa dalali, ambao kwa desturi ya upangaji ni kodi ya mwezi mmoja, hulipwa papo hapo. Utaratibu huu unafaa pale ambapo wahusika wote wanaweza kukutana. Unapwaya pale ambapo mnunuzi yuko mbali. Mtanzania anayefanya kazi Muscat au Minneapolis na kutaka kiwanja Kigamboni hukiona kwa macho ya mwingine. Akidanganywa, au dalali mwenyewe akidanganywa na muuzaji, akiba ya miaka mingi huweza kuishia kwenye ardhi iliyokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Hapo ndipo swali la kilichoandikwa huwa zito.

2.0 Baruapepe mbele ya sheria

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kinaelekeza kwamba mkataba wa kuhamisha miliki ya ardhi hautekelezeki mahakamani isipokuwa umeandikwa, au yapo maandishi yanayoeleza masharti yake, na umetiwa saini na upande unaodaiwa. Ahadi ya simuni, hata ikitolewa kwa nia njema, ina nguvu ndogo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, na kifungu chake cha 18 kinazikubali kuwa ushahidi. Uzito wa ushahidi huo hupimwa kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na namna mtumaji alivyotambulishwa.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, dalali anapaswa kuhifadhi mfululizo mzima wa ujumbe katika sanduku lake, wala asitegemee picha za skrini zilizochaguliwa baada ya ugomvi kuanza. Pili, baruapepe haichukui nafasi ya mkataba wala ya upekuzi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Kazi yake ni kuonesha njia iliyowafikisha wahusika kwenye mkataba huo.

3.0 Kanuni nne za uandishi

3.1 Mada itambulishe mali

Ujumbe wenye mada “Habari” au “Kiwanja” hupotea miongoni mwa mingine. Mada kama “Kiwanja Na. 45, Kitalu C, Kibada: majibu ya upekuzi” humwezesha mteja kuupata ujumbe hata baada ya miaka mitatu. Inafaa pia kila mali iwe na mfululizo wake, ili bei ya kiwanja kimoja isije ikachukuliwa kuwa ya kingine.

3.2 Chanzo cha taarifa kibainishwe

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi vinavyobainisha chanzo cha habari: nimeona, nimeambiwa, nimethibitisha. Madalali wengi huviacha. Tuchukue mfano uliotungwa: “Kiwanja ni safi, hakina mgogoro, hati ipo.” Sentensi hiyo inavutia, lakini haisemi nani anajua. Tuilinganishe na hii: “Nimefika kiwanjani leo na nimeona mawe manne ya mipaka. Muuzaji ameniambia kuwa hakuna mgogoro, sijalithibitisha hilo. Nakala ya hati nimeiona, ila upekuzi kwa Msajili bado haujafanyika.”

Ujumbe wa pili unaweza kuonekana dhaifu kibiashara. Hata hivyo, kila kauli yake inapimika. Mnunuzi anajua kilichobaki kufanywa kabla ya kulipa, na dalali hawajibiki kwa neno ambalo lilikuwa la muuzaji.

3.3 Maagizo ya malipo yalindwe

Utapeli mmoja huanza kwa mhalifu kuingia katika sanduku la mhusika na kusoma mawasiliano kimyakimya. Siku ya malipo inapokaribia, hutuma namba mpya ya akaunti, ama kwa anwani ileile au kwa anwani inayotofautiana nayo kwa herufi moja. Kinga yake huanza mapema: ujumbe wa kwanza kabisa ueleze kuwa namba ya akaunti haitabadilishwa kwa baruapepe, na kwamba mabadiliko yoyote yathibitishwe kwa sauti, kwa namba ya simu iliyojulikana tangu awali. Uthibitishaji wa hatua mbili katika sanduku la dalali huongeza ulinzi.

3.4 Ridhaa na faragha ziheshimiwe

Dalali hupokea nakala za pasipoti, vitambulisho vya taifa na hati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu. Anapowatangazia wateja wengi nyumba mpya, anwani zao ziwekwe kwenye nakala ya siri, ili zisionekane na wote. Aidha, ujumbe wa matangazo uende kwa aliyeridhia, umtaje mtumaji, na uoneshe namna ya kujiondoa.

4.0 Mjadala

Pingamizi la wazi ni kwamba wateja wengi hawasomi baruapepe. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halivunji hoja. Mazungumzo yanaweza kuendelea kwa simu, kisha dalali akaandika muhtasari siku hiyohiyo: “Ndugu, kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, bei uliyokubali kuifikiria ni hii, na ujira wangu ni huu. Ikiwa nimekosea, tafadhali nisahihishe.” Heshima ya mazungumzo inabaki, na maandishi yanapatikana.

5.0 Hitimisho

Ufanisi wa baruapepe katika udalali usipimwe kwa idadi ya ujumbe uliotumwa, bali kwa swali moja: je, mtu wa tatu asiyewafahamu wahusika anaweza kuusoma mfululizo huo na kuelewa kilichoonwa, kilichosemwa na kilichokubaliwa? Dalali anayeandika kwa kumfikiria msomaji huyo humlinda mnunuzi aliye mbali, na hulinda jina lake mwenyewe.