Mfumo wa Zahanati Uanze na Faili la Mgonjwa

Mwenye zahanati ya Katoro, Kakola au Kahama, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga, anapoamua kuachana na madaftari na kununua mfumo wa kompyuta, mara nyingi kinachomsukuma ni fedha. Mgonjwa amechomwa sindano lakini risiti haipo, dawa zimetoka stoo na hakuna anayejua nani kazilipia, na jioni keshia akikaa chini hesabu haifungi. Kwa hiyo anavutiwa na mfumo unaobana dirisha la malipo, ambao hauruhusu maabara kupima kabla risiti haijatoka. Haja hiyo ni ya kweli, maana zahanati isiyokusanya mapato yake hailipi mishahara wala hainunui dawa. Ninachodai ni kwamba anayechagua mfumo kwa kutazama dirisha hilo peke yake atazikosa hata zile fedha alizokuwa akizitafuta. Kwanza aulize mfumo unamtunzia mgonjwa kumbukumbu namna gani, kisha ndipo aulize unatozaje.

Tuanze na fedha zenyewe. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, sehemu ya mapato ya vituo imekuwa ikija kwa njia ya madai yanayoandikwa na kutumwa, na mkaguzi wa madai hakuwepo katika chumba cha tabibu. Anachokiona ni jina, namba ya uanachama, ugonjwa ulioandikwa, vipimo na dawa. Dawa ya malaria ikidaiwa bila majibu ya kipimo, au kipimo kikadaiwa ambacho hakiendani na ugonjwa uliotajwa, ana sababu ya kukata. Kosa la namna hiyo hutokea chumbani kwa tabibu, na keshia hana uwezo wa kulisahihisha. Mfumo ambao tabibu anaandika historia na majibu ya vipimo mara moja, kisha dai likajitengeneza kutokana na maandishi hayo, unaziba mianya ambayo mashine ya risiti haiwezi hata kuiona. Jambo hili linazidi kuwa zito kwa sababu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kadiri wananchi wengi wanavyoingia kwenye bima, ndivyo zahanati nyingi zaidi za Shinyanga na Geita zitakavyoishi kwa madai. Bei nazo hazikai mahali pamoja. Machi 2024 Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali binafsi zilivutana nao hadharani. Siku kama hiyo, zahanati ambayo kila badiliko la bei lazima limsubiri fundi kutoka Dar es Salaam inapata hasara ambayo haikuwa ya lazima.

Lakini sababu kubwa zaidi iko kwa wagonjwa wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 mkoani Geita na milioni 2.2 Shinyanga, na baadhi ya watu hao hawatulii. Ikisikika dhahabu imetoka mahali, rashi inaanza, na vijana wanahama na magodoro yao kutoka Nyarugusu kwenda Rwamagasa, au kuvuka kabisa kwenda Msalala. Mchimbaji mdogo anavuta vumbi la mawe duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, na kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na vumbi hilo lenye silika linaongeza hatari ya kupata kifua kikuu, ugonjwa ambao matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Katika miezi hiyo anaweza kuwa amebadilisha machimbo, laini ya simu, na hata jina analojulikana nalo kambini. Alichobaki nacho ni daftari la shule alilonunua dukani siku ya kwanza ili aandikiwe matibabu, kama halijaloa maji ya duara. Zahanati inayojua kwamba alilipa, lakini haijui alitibiwa nini na kwa dawa gani, inamwanzisha upya kila anapokuja.

Hapa ndipo kipengele kinachopitiwa haraka wakati wa kununua, yaani namna mfumo unavyomtambua mtu, kinapohitaji kukaguliwa kuliko vyote. Usukumani majina kama Masanja, Mabula na Shija yamejaa kila kijiji. Kulwa na Doto wa nyumba moja wana tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, na simu moja ya mama yao. Mfumo unaolinganisha jina la ukoo, tarehe na simu utawachanganya mapacha hao, na dawa inayomletea Doto mzio itaandikwa kwenye faili la Kulwa. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mnunuzi amwambie muuzaji aandikishe mapacha papo hapo, kisha amtafute mmoja wao. Aandikishe pia mgonjwa asiye na namba ya NIDA wala simu, kwa kuwa wapo na wataendelea kuja.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya hospitali kubwa. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Kilikuwa kituo cha vijijini. Watafiti waliopima muda kabla na baada waligundua kwamba ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Kazi iliyoanzia pale ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya chanzo huria inayotumika leo katika nchi nyingi. Udogo wa Mosoriot haukuzuia kitu, kwa sababu waliojenga walianza na mgonjwa anayerudi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda wa tabibu. Zahanati ina tabibu mmoja na foleni imefika nje. Akianza kuchapa kila kitu, nani atatibu? Marekani, ambako mifumo mingi ilikuzwa kwa kufuata mahitaji ya malipo, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila saa moja ambayo daktari alikaa na wagonjwa, karibu saa mbili zaidi ziliishia kwenye kompyuta na kazi za mezani. Naichukua hofu hii kwa uzito wake, na naiona inaunga mkono hoja yangu. Kurasa zikipangwa kwa ajili ya anayelipa, tabibu hugeuka karani. Dawa yake ni kuchagua mfumo ambao maandishi ya mara moja yanatumika kwenye dai la bima, kwenye stoo ya dawa, na kwenye ripoti ya kila mwezi ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ambayo hata zahanati binafsi lazima ipeleke. Muuguzi anayejaza rejista za MTUHA kwa kalamu na kisha kurudia yale yale kwenye kompyuta atauchukia mfumo kabla ya mwezi kuisha, na atakuwa na haki.

Umeme na mtandao navyo vinatajwa, na ni kweli vinasumbua. Ndiyo maana mfumo unaotegemea intaneti peke yake haufai kijiji cha machimbo, hata ukiuzwa kwa bei ndogo. Unaofaa unafanya kazi kwenye kompyuta iliyo palepale, yenye betri na sola, na kutuma taarifa mtandao ukirudi. Wengine wanasema wasubiri, kwa kuwa TAMISEMI ina mfumo wake wa vituo vya afya, GoTHOMIS, na siku moja kila kituo kitaunganishwa. Lakini GoTHOMIS ilijengwa kwa vituo vya serikali. Kuhusu kuunganishwa, atakayeunganishwa kwa urahisi ni yule ambaye taarifa zake tayari zimepangwa na zinaweza kutolewa nje ya mfumo wake.

Hilo la kutoa taarifa lazima liandikwe kwenye mkataba. Kampuni ikifungwa au ikipandisha ada, zahanati iwe na haki ya kuchukua mafaili yote katika muundo unaosomeka kwingine, bila malipo ya ziada. Mkataba utaje pia nani anaona nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na anayewajibika ni zahanati iliyozikusanya pamoja na aliyepewa kazi ya kuzichakata. Kwenye kambi ambako watu kumi wanalala chumba kimoja na kugawana mfuko mmoja wa mawe, habari kwamba fulani anameza dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI inaweza kumtoa duarani siku hiyo hiyo. Keshia anahitaji kuona kiasi cha kulipwa. Jina la ugonjwa halimhusu, na mfumo usioweza kumficha keshia jina hilo usinunuliwe.