Waridi la krosheti: tuhesabu na saa za mikono yetu



Juma hili tunawaletea habari ya maua ya krosheti, yale tunayofuma nyumbani jioni, watoto wakiisha kula. Wengi wenu mmeyaona: waridi jekundu katika chupa juu ya meza ya saloni, ao maua meupe yaliyoshonwa kwenye pazia. Tutaeleza namna ya kufuma waridi moja, hatua kwa hatua. Lakini kwanza tunapaswa kuwaambia kosa tulilofanya, maana wamama wengi wanaofuma ao kushona nyumbani wanalifanya pia.

Kazi ya ndoa

Mwisho wa kiangazi, jamaa moja ilituomba maua 60 ya kupamba meza za ndoa. Kikundi chetu hakikuwa kimepata kazi kubwa namna hiyo. Shangazi ya bibi-arusi akauliza bei. Tukatazamana. Mmoja wetu akasema franka 3,000 kwa ua moja, na sisi wote tukaitika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu nyingine kichwani.

Tukawa wamama watano, kila mmoja maua 12. Kwa majuma mawili tulifuma usiku, siku nyingine kwa mwanga wa telefone kwa sababu umeme ulikatika. Maua yakapendeza, watu wa ndoa wakapiga picha mbele yake. Shangazi akatulipa franka 180,000 zote, hakubakiza deni. Mteja hakutukosea kitu.

Kosa lilionekana siku ya kugawa. Tulipotoa feza ya vitu tulivyonunua, kila mama akapokea franka 8,400. Mmoja alizishika mkononi, akauliza, "Ni paka hii?" Hakuna aliyemjibu. Jumamosi iliyofuata wamama wawili hawakuja.

Sisi tunaowaandikia habari hii ni walimu. Kila asubuhi tunafundisha watoto hesabu, na siku ile ya bei hatukuhesabu. Ndipo tulichukua daftari, tukaandika yote:

Madonge ya uzi 18, kila moja franka 6,000: franka 108,000.
Waya za mashina na gundi: franka 16,000.
Safari mbili za kwenda soko na kurudi: franka 14,000.
Jumla ya matumizi: franka 138,000.
Iliyobaki: franka 42,000.

Kiisha tukaandika kitu ambacho hatukuwa tumekiandika hata siku moja: saa. Waridi moja, pamoja na jani na shina lake, lilituchukua karibu dakika 50. Maua 60 ni dakika 3,000, ndiyo saa 50. Gawa franka 42,000 kwa saa 50. Mkono wa mama ulipata franka 840 kwa saa moja. Yule aliyeuza uzi alipata faida yake, na mwenye basi alilipwa nauli yake kamili. Sisi tuliofuma ndio tuliochukua makombo.

Mazoea haya yalitoka wapi?

Tulijiuliza kwa nini wamama watano wenye akili zao hawakufikiri juu ya saa. Tunaona jibu moja linatoka mbali, katika historia ya mji wetu.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kupendelea mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto wake, ili asirudi kijijini mwao. Mwanaume alifundishwa kazi ya mgodi ao ya kiwanda. Mwanamke alikuwa na nyumba za mafunzo, zile fwaye wakambo wetu wanazokumbuka. Huko walifundisha kushona, kufuma, kupika, na kutunza mtoto. Ni mafunzo mazuri. Leo tunayatumia bado. Lakini mshahara ulikuwa wa baba. Kazi ya mikono ya mama ilikuwa ya kupendeza nyumba ya mfanyakazi, na kitu cha kupendeza nyumba hakiandikiwi saa. Vile vitambaa vyeupe juu ya fotei, vilivyofuliwa na kunyooshwa kila juma, hakuna aliyeuliza vilichukua siku ngapi.

Baadaye mambo yakageuka. Gécamines, iliyoshika nafasi ya Union Minière tangu mwaka 1967, katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Ni nyumba ngapi katika mji huu zilikula kwa sababu mama aliuza mkate, makala, mboga, nguo za kufuma? Mikono ile ile ya fwaye ndiyo iliyolisha watoto. Kazi iligeuka kuwa ya mkate, lakini namna ya kuipa bei ilibaki ile ya kupendeza nyumba.

Si kwetu tu. Kule Ireland, njaa kubwa ya viazi ya mwaka 1845 mpaka 1852 iliua watu zaidi ya milioni moja. Masista wa mji wa Cork, na katika Clones mke wa padri wa Kianglikana aliyeitwa Cassandra Hand, walifundisha wanawake na wasichana kufuma kwa krosheti: waridi zenye petali juu ya petali, majani, na maua mengine, yote yakaunganishwa kuwa kitambaa cha kuuza kwa matajiri. Ua la uzi lilileta chakula nyumbani. Kwa hiyo mtu akisema maua ni mchezo wa wamama, mnaweza kumpa mfano huo.

Namna ya kufuma waridi

Tafuta uzi wa pamba wa unene wa katikati. Wa sufu unafaa pia, ila waridi lake ni laini zaidi na linalala. Krosheti ya milimita 3 ao 3.5 inatosha. Kwa uzi mwembamba, mafundi wengine wanakunja na kusugua waya wa gurudumu la kinga mpaka unakuwa krosheti, na inafanya kazi vizuri.

Kwanza, fuma mnyororo wa vitanzi 45. Usikaze uzi.

Pili, ruka vitanzi 3 vilivyo karibu na krosheti. Kuanzia cha 4, weka bridi 2 katika kila kitanzi mpaka mwisho. Kwa wanaoanza, bridi ni hivi: zungusha uzi mara moja juu ya krosheti, ingiza katika kitanzi, vuta uzi, sasa una vitanzi 3 juu ya krosheti. Vuta uzi ndani ya viwili, kiisha ndani ya viwili vinavyobaki. Umeingiza bridi 2 katika vitanzi 42, kwa hiyo una bridi 84. Vile 3 ulivyoruka vinahesabiwa kama bridi moja. Jumla ni 85.

Tatu, geuza kazi. Fuma kitanzi 1 cha kupanda, na bridi fupi 1 juu ya bridi ya kwanza. Bridi fupi haizungushiwi uzi: ingiza, vuta, kiisha vuta ndani ya vitanzi viwili kwa mara moja. Sasa ruka bridi 2, weka bridi 6 pamoja katika ya tatu, ruka tena 2, weka bridi fupi 1 katika inayofuata. Hiyo ni petali moja. Rudia vile mpaka mwisho. Utapata petali 14 kamili, na bridi fupi ya mwisho itaanguka juu ya vile vitanzi 3 vya kuruka. Ukipata petali 13 ao 15, usijidanganye kwamba haitaonekana. Rudi nyuma utafute ulipokosea.

Nne, anza kuviringa kutoka ncha moja. Mizunguko miwili ya kwanza uikaze, ndiyo moyo wa waridi. Inayofuata uilegeze kidogo kidogo. Kila mzunguko ushonee chini kwa sindano na uzi wa rangi ile ile. Jani lifume kwa uzi wa kijani juu ya mnyororo wa vitanzi 10, bridi fupi kwenye ncha na bridi katikati, upande huu na upande ule. Shina ni waya wa sentimita 25, uliozungushiwa uzi wa kijani.

Mtaona kwamba ukanda unajikunja wenyewe mkiwa hamjauviringa. Watoto huuliza kwa nini. Ni kwa sababu tumeweka bridi mbili mahali pa kitanzi kimoja, kwa hiyo upande wa juu ni mrefu kuliko upande wa chini, na urefu ule hauna pa kukaa ila kujikunja. Mwaka 1997 mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Cornell, Marekani, mama Daina Taimina aliyetoka Latvia, alitumia njia hiyo hiyo ya kuongeza vitanzi ili wanafunzi wake washike mkononi umbo la jiometria ambalo kwenye karatasi halieleweki vizuri. Basi wavulana nao waje kufuma, hesabu haichagui.

Kwa usafi, kiangazi cha kwetu kina vumbi nyekundu nyingi. Ua la pamba unalifua katika maji baridi na sabuni kidogo, unalikamua ndani ya kitambaa, unalikausha kivulini. Likilegea, lichovye katika uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, ulitengeneze petali kwa vidole, ulikaushe. Usitumie maji ya sukari, maana yataita sisimizi.

Bei inayotoka daftarini

Hesabu vitanzi vya waridi lile bila jani: 45, na 84, na 1, na 15, na 84. Ni vitanzi 229 vya kufuma kwa mkono. Kwa maua 60 ya ndoa ile, ni vitanzi 13,740. Tulipowasomea watu wa nyumbani namba hiyo, baba mmoja aliacha kula.

Sasa tunapanga bei hivi. Gawa matumizi yote, pamoja na nauli, kwa idadi ya maua. Kwetu ilikuwa franka 2,300 kwa ua moja. Ongeza saa: tulikubaliana saa ya mama iwe franka 3,000, kwa hiyo dakika 50 ni franka 2,500. Tumefika 4,800. Ongeza franka 200 za sanduku la kikundi. Ua ni franka 5,000. Bei ya uzi ikipanda soko, badilisha namba ya kwanza. Saa ya mama isiguswe.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Mteja wa kwanza kusikia bei hiyo alituambia maua ya plastiki sokoni ni rahisi zaidi, akaaga kwa heshima. Ni kweli, ni rahisi zaidi. Wa pili alitaka maua 40, akachukua 12. Tulipata franka 60,000 kwa saa 10 za kazi, na kila mama aliyefuma alilipwa saa zake.

Lakini ndani ya kikundi hatukuelewana sote. Mama mmoja alisimama na kusema, "Ninyi muko na mishahara. Mimi mutoto wangu banamufukuza masomo lundi. Franka 3,000 leo ni bora kuliko franka 5,000 ya mteja hajakuja." Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini binti yake ameingia sekondari, na huko minervali inalipwa. Hatukuweza kumwambia kwamba anakosea. Mwenye njaa hangoji bei nzuri.

Kambo mmoja, mkubwa kwetu wote, alinyamaza mpaka mwisho. Kiisha akasema ua lina njia tatu: la nyumba yako, la zawadi, na la soko. La nyumba na la zawadi usihesabu, toa kwa moyo wako. La soko, hesabu yote. "Munachanganya zote tatu," alisema, "njo maana munalia."

Tumekubaliana hivi. Zile franka 200 za kila ua zinakaa katika sanduku, mbali na feza ya likelemba. Mama aliyebanwa na masomo ya mtoto anakopa pale, bila faida, anarudisha maua yakiuzwa, ili asilazimike kuuza kwa hasara. Kwa sasa sanduku lina feza ya kumsaidia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa yule mama. Binti yake aliingia darasani lundi ile, na mama alirudi Jumamosi na krosheti yake. Wale wawili walioondoka, mmoja amerudi. Mwingine tunamngoja, tunajua anasoma karatasi hii, na tunamwomba samahani kwa ile siku ya kugawa.

Jumamosi ijayo tutafuma pamoja jani na shina. Kila mmoja aje na krosheti, donge moja la uzi wa kijani, na daftari. Katika ukurasa wa kwanza andika saa uliyoanza, na ukimaliza andika saa uliyomaliza.