Mama yuko Kariakoo, posho iko wapi?

Kila mwezi swali hurudi lilelile katika makundi ya Watanzania wa ughaibuni: mama amebaki peke yake Kariakoo, Dar es Salaam, miguu haimbebi tena, sasa serikali inampa nini, na ni fomu ipi ya kujaza? Wengine huuliza kabla ya kutoa pesa. Wengine huuliza wakiwa wameshamtumia "mtu anayewajua watu wa jiji" laki moja au mbili ili amwingize mzazi wao TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na huyo mtu sasa hapokei simu.

Jibu halipendezi. Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi ambayo mtu hupewa kwa sababu tu amezeeka, ana ulemavu au anaishi peke yake. Anayemtunza naye hana posho. Kwa hiyo hakuna fomu, na anayeuza fomu hiyo ni tapeli.

Mkanganyiko una sababu zake. Aliyeko Uingereza anajua kwamba anayemhudumia mtu mwenye ulemavu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kuomba posho ya serikali, na hadhani kwamba nyumbani jambo hilo halipo kabisa. Mwenye ndugu Mombasa amesikia habari za Inua Jamii, inayotoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na pia kwa kaya zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Halafu kuna Zanzibar. Tangu Aprili 2016 wazee wa miaka 70 na kuendelea wanalipwa Pensheni Jamii bila kuulizwa kama ni matajiri au maskini. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Lakini hiyo ni ya wakaazi wa Zanzibar, na uhakiki wake unapitia kwa sheha. Mzee wa Kipemba aliyehamia kwa wanawe Mtaa wa Narung'ombe miaka mingi iliyopita hawezi kwenda kuidai katika ofisi yoyote ya Dar es Salaam.

Bara ina milango mitatu ya msaada, na wa kwanza ndio unaowaangusha wengi.

Mlango huo ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF. Wengi hawaambiwi kwamba TASAF haiandikishi mtu mmojammoja, na haina dirisha ambalo mtu anaweza kuliendea siku yoyote akaomba. Inaandikisha kaya, tena katika kipindi maalumu cha utambuzi. Mkutano wa hadhara wa mtaa huitishwa, wananchi wenyewe wanataja kaya wanazoona ni maskini kupita kiasi, kaya hizo zinajaziwa dodoso kuhusu makazi, mali na wategemezi, kisha majina yanarudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Asiyetajwa katika mkutano wa kwanza hafiki kwenye dodoso. Kipindi cha pili cha mpango kilizinduliwa Februari 2020. Aliyekosa utambuzi hasubiri wiki mbili, anasubiri miaka.

Kijijini utaratibu huu una mantiki, maana watu wanajuana. Kariakoo ni habari nyingine. Nyumba za Kiswahili zimevunjwa na ghorofa zimesimama, vyumba vya kulala vimekuwa stoo za vitenge na simu, na wakazi wa zamani wametawanyika Buguruni, Mbagala na Gongo la Mboto. Mchana mtaa umejaa maelfu ya watu wasiolala hapo. Mama asiyeweza kushuka ngazi hausikii mkutano ukitangazwa, na akiusikia hafiki. Waliofika, nani kati yao amwone aliyejifungia chumba cha uani?

Hata akionekana, kuna mambo mawili yanayomwondoa. La kwanza ni nyumba ya urithi. Mjane anayekaa chumba kimoja katika nyumba ya marehemu mumewe, huku shauri la mirathi likiburuzwa mahakamani mwaka wa ngapi sijui, machoni pa watu ni "mwenye kiwanja Kariakoo". Hawezi kukiuza wala kukipangisha, ila thamani ya kiwanja inahesabiwa kana kwamba anailala na kuila. La pili linawahusu wasomaji wenyewe. Mtu mmoja anasimama mkutanoni na kusema, "Huyo ana mtoto Ulaya," na habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza mtoto huyo anatuma kiasi gani, au kama pesa yote inaishia kwenye dawa za presha.

Kwa hiyo anayetaka mzazi wake atazamwe kwa haki asitume rushwa, atume mtu. Ndugu au jirani wa kuaminika aende kwa mtendaji wa mtaa kuuliza kama utambuzi mwingine umepangwa, ahudhurie mkutano, na aeleze hali ya kaya hadharani. Maofisa nao wana la kujibu. Mkutano unaoamua nani apate msaada unaitishwaje kwa namna ambayo asiyetembea, asiyesikia na asiyeona hawawezi kuhudhuria? Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Kumpitia mtu mlangoni kwake si hisani.

Mlango wa pili ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hii si ruzuku. Ni mkopo usio na riba, na unarejeshwa. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ukaguzi kufichua, pamoja na mengine, vikundi hewa vilivyokuwa vimekopeshwa. Mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Jiji la Dar es Salaam, ambalo Kariakoo imo ndani yake, ni mojawapo. Aliyekopa zamani asidhani kwamba njia aliyoipita bado ndiyo hiyohiyo. Aanze upya kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Hapa mtego ni jina. Mtu mwenye ulemavu hafungwi na sharti la kikundi kikubwa kama wengine, na hilo linawavutia wajanja. Wanakuja na wazo zuri la biashara, wanaomba kitambulisho na sahihi ya kaka asiyeona au dada anayetumia kiti cha magurudumu, mzigo unafunguliwa Mtaa wa Congo, faida inakwenda kwingine. Deni linabaki kwa aliyeweka sahihi. Mtu asisaini mkopo wa biashara ambayo yeye mwenyewe hashiki pesa zake.

Mlango wa tatu ni msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na kwa wagonjwa wengine wasiojiweza. Barua ya serikali ya mtaa inapelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, iwe Mnazi Mmoja au Amana. Barua hiyo itafutwe mzee akiwa mzima. Familia nyingi huikumbuka mgonjwa akiwa tayari kwenye benchi la mapokezi, siku ya Jumamosi, mtendaji hayupo. Tena baada ya uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 wako wenyeviti wapya wasiowajua wazee wao. Mzee apelekwe akajulikane mapema. Na msamaha haujazi rafu za famasi: dawa ikikosekana hospitalini, familia itainunua nje.

Milango yote mitatu inadai utambulisho. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iwepo, na jina lake lilingane herufi kwa herufi na la kwenye laini ya simu. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mjukuu, malipo ya simu yaliyokusudiwa kwa bibi yanakwama. Wazee ambao alama za vidole zimefutika kwa kazi, na watu wasio na vidole, huzungushwa dirisha hadi dirisha kana kwamba kosa ni lao. Wasirudi nyumbani, wamwombe msimamizi wa ofisi, na jina la aliyewakataa liandikwe.

Anabaki anayetunza. Sheria ya 2010 inawapa ndugu wajibu wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, lakini haiwapi senti. Binti aliyefunga meza yake ya biashara ili amwogeshe na kumlisha mama hatambuliwi na mpango wowote. Walioko nje ndio wanaoweza kurekebisha hili leo. Pesa ya mama itumwe kama pesa ya mama, na ya binti itumwe kando, kwa jina lake, kwa kiasi kilichokubaliwa na kwa tarehe inayojulikana. Sehemu yake iingizwe katika uchangiaji wa hiari wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulio wazi kwa waliojiajiri. Asipofanyiwa hivyo, naye atafika miaka 60 bila akiba wala mafao, katika chumba kilekile cha uani, na mkutano wa mtaa utaulizwa tena kama kuna anayemjua.