Kutoka Tangi la Ziwa Hadi Tangi la Bahari: Mchanganuo wa Anayeanza Kigoma

RUSIMBI, Kigoma

Aliyezoea kupima samaki wa Kigoma kwa kilo za dagaa na migebuka wanaoshushwa Kibirizi hushangaa akiambiwa kuwa yupo samaki wa ziwa hilo hilo, mdogo kuliko kidole, anayeuzwa kwa kichwa, akiwa hai, na kwa fedha za kigeni. Hii ni biashara ya samaki wa mapambo. Wateja wake wako Ujerumani, Marekani, Japani na kwingineko, na majina ya mwambao huu wanayajua vizuri: katika orodha zao za bei, neno "Kigoma" huandikwa kando ya jina la samaki kama vile "Mbeya" inavyoandikwa kwenye gunia la mchele.

Chanzo cha soko hilo si siri. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa na kituo chake Bujumbura, alisafirisha samaki hai wa Tanganyika katika miaka ya 1970 na 1980 na kuwafanya wafugaji wa Ulaya walijue ziwa. Tangu wakati huo, mwambao wa Kigoma umekuwa ukitajwa kwa samaki wa miambani wenye mistari, kwa wale wanaotembea kwa makundi katika maji ya wazi, na kwa wale wadogo wanaoishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono.

Mtu mwenye tangi la samaki hao nyumbani kwake Rusimbi, kwa ajili ya pambo au ya kuwatunza kabla ya kuwauza, mwisho hujiuliza kama asiongeze na tangi la samaki wa baharini. Wale wana rangi kali zaidi na bei kubwa zaidi. Vitabu vya ufugaji navyo huwaeleza samaki wa Tanganyika kuwa ni daraja la kuvukia kwenda kwenye maji ya chumvi. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayokula mtaji wa watu.

ZIWA LENYE SURA YA BAHARI

Hata wataalamu waliwahi kudanganyika. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore aliona yavuyavu mdogo anayeelea ziwani na konokono wenye makombe kama ya pwani, akashikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1903. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ziwa lilizaliwa na Bonde la Ufa na kwamba viumbe hao walijipatia sura hiyo humo humo. Hata hivyo Moore hakuwa mpumbavu: dagaa wenyewe wa Kigoma ni wa ukoo wa samaki ambao jamaa zao wengi wako baharini.

Maji ya ziwa nayo yana tabia ya kuchanganya mtu. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia hutoka kwa kukauka na jua. Mto Lukuga, upande wa Kongo, huchukua kidogo tu. Kwa hiyo madini hubaki. Kipimo cha pH cha ziwa hukaribia 9, wakati bahari iko kama 8.2. Kwa kipimo hicho, anayefuga samaki wa Tanganyika amekwisha zoea ukali kuliko wa pwani, naye ana faida moja kubwa: anajua kwamba amonia ya kinyesi cha samaki huwa sumu kali zaidi kadiri pH inavyopanda, na kwa hiyo hapuuzi chujio wala hajazi chakula.

Lakini ugumu wa maji si chumvi. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina madini yaliyoyeyuka kama nusu gramu na kidogo. Lita ya bahari ina gramu 35, karibu mara 60. Samaki wa ziwa mwili wake una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia muda wote naye kazi yake ni kuyatoa kwa mkojo. Samaki wa bahari hali yake ni kinyume: maji humtoka mwilini, ikambidi anywe na kuitoa chumvi ya ziada kwa mashavu. Baadhi ya perege wanaweza kubadilika polepole kutoka hali moja hadi nyingine. Samaki wa miambani wa Tanganyika hawawezi, na anayewatia kwenye maji ya chumvi kwa matumaini ya kuwazoesha anatupa mali.

HESABU YA CHUMVI

Tuchukue tangi la kawaida la kioo, urefu sentimita 100, upana 50 na kina 40. Likijaa linabeba lita 200. Kwa samaki wa ziwa, gharama ya maji ni ndoo na mgongo wa mchukuzi. Kwa samaki wa bahari, lita 200 zinahitaji kilo 7 za chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Kila wiki ni vizuri kubadili asilimia 10 ya maji, yaani lita 20, na hizo hula gramu 700. Kwa wiki 52 ni kilo 36 na ushee. Jumla ya mwaka wa kwanza ni zaidi ya kilo 43 za bidhaa inayotoka nje ya nchi na kulipiwa kwa shilingi inayofuata dola. Mnunuzi aulize bei ya Dar es Salaam, aongeze usafirishaji, kisha azidishe mwenyewe.

Hapa ndipo wengi hugeukia Uvinza. Mkoa una chumvi yake, iliyochemshwa kutoka chemchemi za huko kwa karne nyingi na kuuzwa mbali kabla ya Mjerumani kufika. Ni chumvi nzuri ya mboga na ya kukaushia samaki. Kwa tangi haifai. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini karibu tupu, na katika bahari viwili hivyo ni kama asilimia 85 tu ya madini yote. Asilimia 15 iliyobaki, yaani magnesiamu, kalisi, potasiamu, salfeti na mengineyo, ndiyo inayoshikilia pH na kuwawezesha viumbe wa matumbawe kujenga mifupa yao. Maji ya chumvi ya Uvinza yatapima sawasawa kwenye haidromita na bado samaki watakufa, jambo linalowafanya watu wamlaumu muuza samaki bure.

Njia ya pili ni kuleta maji yenyewe kutoka pwani. Maji ya bahari ya lita 200 yana uzito wa kilo 205, na ya kubadilisha kila wiki kwa mwaka mzima yanapita tani moja. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na imebeba mengi tangu hapo, ila kulipia tani ya maji kuyaleta kwenye mji uliokaa juu ya ziwa la pili kwa kina duniani ni biashara ya kujifurahisha. Anayeishi Tanga, Bagamoyo au Mombasa ana hesabu nyingine kabisa, na ndiye aliyestahili kuandikiwa vile vitabu.

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi. Chumvi ya dukani hutengenezwa ichanganywe na maji yasiyo na madini. Maji ya ziwa yana yake tayari, na yakichanganywa na chumvi hiyo ukali wa alkali unazidi kiasi, kalisi inaganda na kuwa unga mweupe kwenye vioo. Kwa hiyo maji ya bure ya ziwa si bure tena. Yanayofaa ni ya mvua. Mvua ya milimita 10 juu ya bati la mita za mraba 20 inatoa lita 200, tangi zima. Ya dakika za kwanza yamwagwe kwa sababu yana vumbi na zinki ya bati, na zinki ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo. Kiangazi kikiingia, aliyekosa pipa la akiba ameumia. Akiba hiyo pia ndiyo ya kujazia maji yanayokauka, kwani chumvi haikauki pamoja nayo: anayejazia kwa maji ya chumvi anakoleza tangi siku hadi siku.

UMEME NA HEWA

Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, na wenyeji wanajua maana ya giza la ghafla. Kwa tangi la bahari suala hili ni zito kuliko kwa la ziwa. Maji ya chumvi hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano yakilinganishwa na maji baridi yenye joto lile lile, na mji ulio mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari hupunguza nyingine kidogo. Pampu ya hewa ya betri, ambayo wa maji baridi huiona anasa, hapa inunuliwe kabla ya samaki. Hita ni mzigo mdogo zaidi Kigoma kuliko Ulaya, ingawa usiku wa Juni na Julai chumba kinaweza kupoa.

Vifaa vingine ni haidromita ya kupimia chumvi, ambayo isome kati ya 1.023 na 1.025, mashine ya povu inayotoa uchafu kabla haujaoza, na mawe yaliyokaliwa na bakteria. Bakteria hao hugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Katika muda wote huo tangi linakula umeme bila samaki wa kuuzwa wala kutazamwa. Mtaji umelala. Asiyeweza kuulaza asianze.

Kisha idadi. Tangi lile la lita 200 linaloweza kubeba kundi zima la samaki wadogo wa ziwa, kwa bahari libebe wanne au watano wadogo. Wa kuanzia ni wale wanaoishi na anemoni, kwa kuwa ni wavumilivu na ni miongoni mwa samaki wachache wa bahari wanaozalishwa kwa wingi katika mabwawa. Kangaja wa buluu, anayewavutia wote, anataka tangi kubwa na mkono uliozoea. Wagomvi watiwe mwisho. Dawa ya shaba, inayotibu samaki vizuri, isiguse tangi lenye matumbawe au kamba.

SOKO LENYEWE

Tofauti kubwa iko hapa. Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi duniani huzalishwa mashambani. Wale wa bahari wengi bado huvuliwa. Ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria samaki hai wa bahari milioni 20 hadi 24 kwa mwaka. Pwani ya Kenya imo katika biashara hiyo kwa miongo kadhaa, kwa nyavu za mkono, na mzigo hutoka Mombasa. Mtu wa Rusimbi anayefikiria kununua huko na kuuza tena anashindana na wapiga mbizi walio mita chache kutoka kwenye mwamba, wakati yeye kila mfuko wa maji unamfikia kwa bei ya uzito wa ndege.

Na sheria zipo. Usafirishaji wa samaki hai unataka leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Matumbawe magumu, na farasi wa bahari tangu 2004, wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo hawavuki mpaka bila kibali.

Kwa mfanyabiashara, basi, fedha ziko kwenye samaki ambao mwenzake wa Mombasa hawezi kuwapata. Nao wana mshindani: wazalishaji wa Ulaya na Florida wanaowatotoa samaki wa Tanganyika kwenye matangi na kuwauza bila nauli ya Kigoma. Mnunuzi anayelipia wa ziwani hulipia rangi ya mahali maalumu na uhakika wa mahali walipovuliwa. Mfuko ukiandikwa jina la mwamba lisilo la kweli, thamani hiyo inaondoka mara moja.

Anayetaka tangi la bahari kwa mapenzi tu, la sebuleni au la mapokezi ya hoteli, alianze mwanzoni mwa masika, pipa la mvua likiwa limejaa na kilo 20 za chumvi zikiwa ndani. Tangi la ziwa asiliuze. Ndoo, mipira na nyavu za matangi hayo mawili zisichanganywe, na kila samaki mpya akae peke yake wiki tatu au nne kabla ya kuungana na wenzake.