Stara Haimzuii Binti Kujifunza Kuogelea

Tarehe 28 Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yakiwa yameifunika barabara ya Garissa, mashua iliyobeba abiria ilizama Kona Punda, karibu na Madogo. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kuwaokoa watu 23. Wengine walifikwa na mauti. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Twaamini kuwa muumini aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hata hivyo, fadhila hiyo haituondolei wajibu wa kuihifadhi nafsi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alihimiza watoto wafundishwe kuogelea. Nasi twawaacha wavulana wajifunzie mtoni, ilhali binti anayeteka maji twamzuia kwa kuchelea stara.

Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea, wamejisitiri mwili mzima, kwa walimu wanawake.

Tana una mamba. Haufai kuwa darasa. Basi wenye mabwawa ya kuogelea watenge saa za wanawake, nasi wazazi tumlipe mwalimu wa kike. Kwa sasa, tuwafunze watoto wasijitose kumfuata anayezama, bali wamrushie mtungi mtupu uliozibwa na kufungwa kamba.