Springi ya Gurudumu la Ndege Huchaguliwa kwa Siku ya Dhiki

Ukitaka kuelewa jambo la leo, itazame stendi ya pikipiki yoyote pale kituoni. Springi ni moja, lakini huishikilia stendi ikiwa chini na ikiwa juu. Siri ni kwamba stendi inapogeuka, springi nayo huvuka upande wa pili wa pini.

Kule Marekani, ambako chama cha EAA cha wanaojiundia ndege kilianzishwa Wisconsin mwaka 1953, mafundi wa nyumbani hutumia ujanja huo kwenye magurudumu ya kukunja. Springi hiyo haibebi ndege inapotua. Kazi yake ni kusaidia kuinua mguu, au kuusukuma mpaka kufuli lishike.

Tufanye hesabu. Mguu una kilo 12, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 30 kutoka kwenye pini. Ukilala, 12 mara 30 ni 360. Springi ikivuta sentimita 6 kutoka kwenye pini hiyo, yahitaji nguvu ya kilo 60 kuusawazisha. Lakini mguu ukisimama wima, uzito hauvuti tena upande wowote. Springi ikiendelea kuvuta juu kwa nguvu, kufuli halitashika.

Hapo ndipo penye hatari. Springi kali humrahisishia rubani kuinua, lakini siku pampu au umeme ukikatika, hiyohiyo humzuilia gurudumu lisishuke. Na gurudumu linaloshuka kwa kwenda mbele hupambana na upepo pia. Basi swali la kwanza liwe: vyote vikifa, ni nini kitakachoteremsha magurudumu?

Springi ya waya hukatika zaidi kwenye kulabu yake, hivyo mbili ni bora kuliko moja. Ya gesi ni nyepesi, lakini gesi huvuja taratibu, na nguvu yake hupungua kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za baridi.

Kisha ndege ipandishwe jeki, pampu izimwe, magurudumu yaachiwe. Kwa kuwa chini hakuna upepo, gurudumu livutwe nyuma kwa mizani ya kuning'iniza. Lisipofunga kila mara, springi hiyo haifai.

Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Springi ya ndege ya jirani ilipimwa kwa mguu wake, si wako.