MTOTO WA MIEZI SABA AKIFIKA DARASANI

Mama mmoja wa jumuiya ndogondogo alitujia na shida ya mwanawe wa darasa la tatu. Kijana ana afya, anacheza mpira, sala zake anazijua. Lakini hesabu za kutoa zinamshinda, na akitumwa mambo matatu hufanya moja, mawili husahau. Nyumbani anaitwa mvivu, na shuleni ameshachapwa. Tulipomwuliza habari za kuzaliwa kwake, akajibu: "Huyo alikuwa njiti, kilo moja na robo. Lakini hayo yalikwisha."

Uzito ulipatikana, ni kweli. Ubongo ni habari nyingine.

Mimba hukaa wiki 40 hivi. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 amezaliwa kabla ya wakati, na aliye chini ya wiki 32 amewahi mno. Wiki hizo anazozikosa ndizo ubongo unapofanya kazi kubwa. Kwenye wiki ya 25 bado ni laini kwa nje, karibu hauna mikunjo. Hata wiki ya 34 uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya ule atakaozaliwa nao mtoto aliyetimiza siku. Katika miezi hiyo nyuzi za fahamu hutoka sehemu za ndani, zikaenda kujiunga na tabaka la nje. Kazi hii Mungu aliipangia mahali penye giza na joto, karibu na moyo wa mama. Njiti anaifanya chini ya taa, katikati ya kelele na sindano, na pumzi ambayo mara nyingine husimama. Tena seli zinazotengeneza ala ya mafuta ya kuzifunika nyuzi hizo, mfano wa plastiki juu ya waya wa umeme, huwa dhaifu mno wakati huo. Upungufu wa hewa au maambukizo huziumiza upesi.

Wataalamu wamewapiga watoto wa namna hii picha za ubongo kwa mashine ya sumaku walipofikia umri wa shule. Wameona kwamba mpango mkubwa wa mitandao ya ubongo upo kama kwa wengine, ila baadhi ya njia ndefu ziunganishazo sehemu za mbali ni hafifu, na nyingine zimezungukia kwingine. Hapo hesabu inaeleweka. Kutoa 17 katika 42 kunataka kushika namba kichwani, kutazama ubao na kutosikiliza kelele za dirishani, yote kwa mara moja. Huko Uingereza na Ireland walifuatwa watoto waliozaliwa mwaka 1995 kabla ya wiki ya 26. Walipofika miaka 11, somo lililowasumbua mno lilikuwa hesabu.

Si wote. Wapo wanaosoma vizuri bila shida yoyote, na hatupendi mtoto abandikwe jina. Lakini mwenye shida mara nyingi si mtundu. Hukaa kimya akitazama mbali, na kwa sababu hasumbui mtu, hakuna anayemwona.

Kwanza apimwe macho na masikio, maana kuzaliwa mapema huweza kuyadhuru pia. Mwalimu aelezwe, na katekista vilevile. Akae mbele. Apewe agizo moja, alimalize, ndipo apewe la pili. Hesabu zianze kwa maharage au vizibo mezani, kwa muda mfupi, kisha apumzike. Fimbo haiungi nyuzi za ubongo. Inaongeza hofu, na mwenye hofu hakumbuki. Ubongo huendelea kujengwa hadi ujanani, hivyo subira hii haipotei.

Kwa wenye njiti wodini sasa, iko dawa isiyonunuliwa: kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, pamoja na maziwa ya mama. Daktari Edgar Rey Sanabria aliianzisha Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wodi zilipojaa na mashine za joto zikapungua. Wale wa kwanza kuchunguzwa huko walitazamwa tena baada ya miaka 20, na taarifa ya mwaka 2016 ikaonyesha kuwa waliobebwa hivyo walikuwa watulivu zaidi na hawakukosa shule sana. Mwaka 2021 ukatolewa uchunguzi wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, juu ya watoto wa kilo 1 hadi 1.8. Walipobebwa mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila 100, badala ya karibu 16. Akina baba nao wana vifua, wasione haya.

Kadi ya kliniki isitupwe mtoto anapoanza shule. Ya yule mama ilikuwa bado ipo, ndani ya sanduku la nguo. Ameipeleka kwa mwalimu.